Mjomba, wiki yetu ya Florida niikodishe au nimpe wifi bure?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, naishi Houston, Texas, pamoja na mume wangu na watoto. Mimi nesi, yeye anaendesha lori. Huwa nasoma majibu unayowapa wengine, na leo nimeona nije na langu kabla halijageuka ugomvi wa nyumba.

Tuna taimshea huko Kissimmee, Florida, karibu na Disney. Kwa wasomaji ambao mambo haya hayajawafikia, ni hivi: hukununua nyumba, umenunua wiki moja ya nyumba kila mwaka, na wiki nyingine zote ni za watu wengine. Yetu ni wiki ya 26, ile ya Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Ni apatimenti ya vyumba viwili, ina jiko, mashine ya kufulia na kibaraza kinachotazama bwawa la kuogelea, na hatimiliki yake tunayo. Watoto wanaipenda, wala sijaja kukulilia kwa nini tuliinunua. Ila kila Januari inakuja ada ya matengenezo, na mwaka huu ni dola 1,380, uende usiende.

Kiangazi hiki cha 2026 hatuendi. Tunakwenda Mombasa, watoto wakamjue bibi yao. Nikasema basi, wiki niikodishe, angalau ada irudi. Tangu nilitamke neno hilo sina raha.

Wa kwanza kutokea ni bwana mmoja aliyenipigia simu. Sauti nzuri, adabu tele, anataja jina langu na la mume wangu, jina la rizoti ilimo apatimenti yetu, mpaka namba ya wiki. Anasema kuna kampuni inaleta wafanyakazi wake mkutanoni Orlando na iko tayari kulipa dola 4,500 kwa wiki yetu. Mkataba kaniletea kwa barua pepe, una mhuri na saini. Ninachotakiwa ni kutanguliza dola 1,400 za kodi na usajili, ambazo nitarudishiwa pamoja na malipo yangu. Aliniomba nakala ya leseni ya udereva, nikampelekea. Mume wangu anasema huyo ni mwizi. Mimi najiuliza, mwizi angeyajuaje yote yale?

Wa pili ni wifi yangu, yuko Atlanta. Mume wangu kamwambia, bila kuniuliza, "Chukua tu dada, hiyo ni yenu." Ningenyamaza, lakini nimesikia kwa watu kwamba wifi ameshawaalika rafiki zake wawili na familia zao, na wanamchangia. Yaani wiki tunayoilipia sisi, yeye ndiye anayeikodisha! Nikimwambia mume wangu, ananijibu udugu hauuzwi.

Wa tatu ni dada mmoja wa kundi letu la WhatsApp la watu wa Pwani. Anaitaka kwa ajili ya fataki za Julai Nne, familia mbili, watu kumi na mmoja. Apatimenti ni ya watu wanane, lakini anasema watoto watalala chini kwenye zulia. Atanipa dola 900, nusu sasa na nusu wakisharudi. Ni mtu tunayeonana naye kila harusi na kila matanga.

Mwisho, wiki ya mwaka jana hatukuitumia. Tuliiweka RCI, kampuni inayobadilishana wiki za wamiliki, tukabadilishiwa na wiki ya Oktoba mwaka huu huko Williamsburg, Virginia, na sidhani kama tutapata likizo. Naweza kuikodisha na hiyo?

Nielekeze, Mjomba.

Mwenye Wiki, Houston


JIBU LA MJOMBA

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na bwana wa simu, maana huyo hangoji. Mume wako amesema kweli. Hiyo kampuni ya mkutano ni mpangaji hewa, na zile dola 1,400 ndizo biashara yenyewe. Ukizituma, wiki inayofuata atakuambia imezuka kodi nyingine, halafu ada ya benki, halafu bima, kila moja ikiwa "ya mwisho". Mwenye mteja wa kweli hakuombi utangulize. Hata dalali wa Kongowea hungoja mzigo uuzwe ndipo akate chake.

Unauliza ameyajuaje. Amesoma. Hatimiliki za Florida husajiliwa katika kaunti, na kumbukumbu hizo ziko wazi kwa umma, hata kwenye intaneti. Mtu aliyeketi nchi nyingine akifungua kumbukumbu za Kaunti ya Osceola anaona jina lako, la mume wako, rizoti, namba ya apatimenti na ya wiki. Kwa hiyo kulijua jina lako si ushahidi wa lolote. Na wala usidhani ni kijana mmoja mwenye njaa na simu mbili. FBI ya Marekani ilihesabu Wamarekani wapatao 6,000 walioripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kati ya 2019 na 2023 katika utapeli wa taimshea unaoendeshwa kutoka Mexico, na Wizara ya Fedha ya Marekani imewawekea vikwazo watu na kampuni zinazohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco kwa kazi hiyo hiyo. Njia zao zinajulikana: nina mnunuzi wa wiki yako, nitakutoa kwenye mkataba wako, au, kama kwako, nina mpangaji. Mihuri na saini ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta.

Basi fanya hivi leo, usingoje kesho. Usijibu tena simu yake wala barua pepe yake, hata kumtukana. Hifadhi zile barua na namba, upeleke taarifa kwenye tovuti ya FBI ya uhalifu wa intaneti, IC3. Kwa kuwa nakala ya leseni yako anayo, ingia kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza taarifa za mikopo ya watu, ufunge taarifa zako za mkopo, moja moja, kote kutatu. Ni bure kwa sheria tangu 2018, na unaweza kuzifungua siku utakapotaka mkopo mwenyewe. Tena kaa macho na atakayekuja baada yake. Mara nyingi hufuata "wakili" au "ofisa wa serikali" anayesema amemkamata tapeli wako na anataka ada ndogo ili akusaidie. Huyo ni yule yule, amebadilisha sauti tu.

Sasa tuje kwenye kilicho chako.

Wiki ya Kissimmee ni yako kwa hati, na kwa kawaida mwenye wiki ya namna hiyo anaruhusiwa kuikalia, kumpa mtu, au kuikodisha. Lakini kabla hujatangaza popote, ipigie simu rizoti, uzungumze na dawati la wamiliki, uulize mambo matatu: sheria zao zinasemaje kuhusu kukodisha, wanatoza kiasi gani kubadilisha jina la mgeni, na mgeni anatakiwa awe na umri gani. Sehemu nyingi hutaka aliyetimiza miaka 21. Uliza pia kama ada yenu ya mwaka huu imeingia kwenye vitabu vyao, maana mwenye deni huzuiwa, na anayefedheheka mapokezi na masanduku yake ni mpangaji wako. Baadhi ya klabu za taimshea hukubali ukodishe mara mojamoja ila hukataa ukiigeuza kuwa duka. Kwa mtu mwenye wiki moja kama wewe hilo si tatizo.

Williamsburg ni habari nyingine. Ile wiki umeipata kwa kubadilishana, na masharti ya RCI, sawa na ya mwenzake Interval International, yanakataza kukodisha kwa fedha wiki iliyopatikana kwa kubadilishana. Unaweza kwenda mwenyewe, au kumpa mtu kama zawadi kwa kumlipia hati ya mgeni yenye jina lake. Wakikugundua umeiuza wanaweza kuifuta nafasi na kuifungia akaunti yako. Kuna watu wanaofanya na wanapita, nawajua, lakini huyo mpangaji akifika akaambiwa nafasi imefutwa, utamjibu nini na fedha zake umeshazila? Niiweke hapo kando, nina matumizi nayo baadaye.

Tuzungumze bei, na hapa nitakuvunja moyo kidogo. Umeandika unataka angalau ada irudi. Hilo ni lengo zuri, na usilivuke kwa ndoto, kwa sababu Orlando na Kissimmee ndiko kwenye kitovu cha taimshea za Marekani. Wiki zinazotafuta watu ni nyingi, na rizoti yenyewe huviuza vyumba visivyo na wenyewe kwenye tovuti za Expedia na Booking, wakati mwingine kwa bei inayomtia aibu mwenye hati. Kuna wenye wiki za Januari na Septemba ambao hawarudishi hata nusu ya ada zao. Wewe una bahati ya majira: mwisho wa Juni shule zimefungwa, vyumba viwili vyenye jiko ndivyo familia inavyotafuta, na tangu kampuni ya Universal ifungue bustani yake ya burudani ya Epic Universe tarehe 22 Mei 2025, watu wamepata sababu nyingine ya kwenda mji ule mbali na Disney.

Lakini usiniulize mimi bei. Fungua tovuti hizo kama mgeni, weka tarehe zako hasa na apatimenti ya ukubwa wako, uangalie jumla ya mwisho pamoja na kodi na ada zote. Hiyo ndiyo dari yako. Mpangaji wako hana namba ya kupiga saa nane za usiku wala uhuru wa kughairi jana yake kama kwenye hoteli, kwa hiyo lazima aone nafuu ya kweli ndipo akuamini. Wengi hupanga safari za kiangazi tangu mwanzo wa mwaka, basi tangaza mapema, na ikifika Mei hujapata mtu, teremsha bei bila kuona haya. Wiki isiyokaliwa haiwekwi ghalani.

Juu ya kodi ya pango kuna kodi ya serikali, na wengi hawaijui. Florida inatoza malazi ya muda mfupi, na kwa Osceola ukijumlisha ya jimbo na ya kaunti inafika asilimia 13.5. Ukikodisha kwa dola 1,400, hapo kuna dola 189 ambazo si zako. Ukipitia dalali au tovuti inayoikata yenyewe, vyema, lakini waulize wakujibu kwa maandishi ni ipi wanayoikata. Ukiuza mwenyewe, kuikusanya na kuiwasilisha ni juu yako. Na mapato yenyewe yaandike kwa mhasibu wenu pamoja na risiti ya ada ya matengenezo, yeye ndiye atakayejua nini kinatolewa.

Pa kutangaza: wenye wiki wanatumia sana tovuti ya RedWeek, na kuna TUG, kundi la wamiliki la tangu miaka ya 1990. Kutangaza huko kuna gharama ndogo unayoijua kabla hujalipa, si dola elfu na mia nne. Weka picha zako mwenyewe, kibaraza hicho na bwawa lake, maana picha za rizoti kila tapeli anazo. Utaletewa pia maombi ya ajabu. Anayekutumia hundi ya dola 3,000 kwa pango la dola 1,400 na kuomba umrudishie chenji, mwache. Benki itakuonyesha fedha zimeingia baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki kadhaa hundi inarudi kuwa bandia, na chenji uliyotuma ilikuwa ya mfukoni mwako.

Mpangaji wa kweli akipatikana, andikeni. Ukurasa mmoja au miwili unatosha, lakini uwe na majina yenu, anwani ya rizoti, idadi ya watu, bei, kodi, na siku ya mwisho ya kumaliza malipo. Mimi ningechukua arubuni ya nusu siku ya kutia saini, na iliyobaki siku 60 kabla ya safari. Wiki yako haisogezwi: mtu akighairi Juni 20, huna pa kuipeleka. Kwa hiyo andika kwamba arubuni hairudi, isipokuwa ukipata mwingine wa kuichukua. Na kwa kuwa msimu wa vimbunga Florida unaanza Juni 1, andika pia kwamba rizoti ikifungwa kwa kimbunga utamrudishia chake. Akiogopa mambo mengine, akate bima ya safari. Ukishapokea fedha yote, ndipo rizoti ibadilishe jina, na umtumie barua ya uthibitisho yenye jina lake ambayo yeye mwenyewe anaweza kuipigia simu kuihakiki.

Na tarehe, mpwa wangu! Umeniandikia "wiki ya 26, ile ya Julai Nne." Umeitazama kalenda ya mwaka huu? Rizoti nyingi huhesabu wiki kuanzia Ijumaa, Jumamosi au Jumapili ya kwanza ya Januari. Tuchukue yako ni ya Jumamosi. Mwaka 2025 wiki ya 26 ilianza Juni 28 ikaisha Julai 5, na fataki mliziona. Mwaka 2026 inaanza Juni 27 na kuisha Jumamosi, Julai 4. Saa nne asubuhi mgeni anarudisha ufunguo, na fataki ni za usiku. Yule dada wa WhatsApp angekuwa barabarani na watu wake kumi, akikutaja jina. Piga simu rizoti uthibitishe, na popote utakapotangaza usiandike namba ya wiki peke yake, andika siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Huyo dada, bila kuficha, mimi nisingempa. Sina shaka na uaminifu wake, naangalia masharti anayokuletea. Watu wanane ni watu wanane. Idadi hiyo inatokana na kanuni za moto na usalama, na wanapotoa vikuku vya bwawa la kuogelea huhesabu vichwa. Watatu watakaozidi wataonekana siku ya kwanza. Nusu baada ya kurudi maana yake utaidai kwenye harusi ya watu, umekaa naye meza moja. Na dola 900 hazifikii hata ada yako. Mwambie hivi: wiki inaisha asubuhi ya Julai 4, inachukua watu wanane, bei ni hii, arubuni ni nusu na nyingine siku 60 kabla. Ukimwekea haya mezani kwa upole, huenda akajitoa mwenyewe, na mtaendelea kusalimiana. Akikubali yote, basi ni mteja kama wateja wengine, na anatia saini. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, wala hawakuwatenga watu wa kundi moja.

Yeyote utakayempa, mwandalie mambo mawili ambayo hayamo kwenye mkataba. La kwanza, aende na kadi ya mkopo yenye jina lake. Mapokezi watashikilia kiasi fulani kwenye kadi kama amana, na anayekwenda na fedha taslimu tu anaweza kukwama pale pale. Kitu kikivunjika na kadi yake isitoshe, wewe ndiye unayejulikana kwao, bili itakufuata Houston.

La pili ni lile dawati la pembeni. Unalijua. Mgeni akimaliza mapokezi anaambiwa apite pale akachukue kibandiko cha kuegesha gari, na pale kuna kijana mcheshi anayempa ramani, anamuuliza ametoka wapi, kisha anamwahidi chai ya asubuhi na tiketi za bei nafuu endapo atahudhuria "maelezo" ya dakika 90. Dakika hizo huwa saa tatu, watoto wanalia, na mpangaji wako anatoka akiwa na wiki yake mwenyewe asiyoiomba. Mwambie achukue kibandiko, ashukuru, aondoke. Gari lake halina haja ya chai. Na ikitokea ametia saini, sheria ya Florida inampa siku 10 za kuuvunja mkataba kwa maandishi na kurudishiwa fedha zake. Wengi wanarudi nyumbani, wanalifikiria, na siku zinapita.

Nimebakiza wifi, kwa makusudi.

Mume wako anasema udugu hauuzwi. Nakubaliana naye. Ila wifi ndiye aliyefungua duka. Kama angekuja na watoto wake peke yao, ningekuambia mezea, mpe, ulipe ada yako kimya kimya, maana kuna siku utamhitaji. Lakini amekusanya michango kwa marafiki ambao ninyi hamwajui, waende kukaa kwenye apatimenti iliyoandikwa majina yenu. Mmoja wao akichoma zulia kwa jiko la mkaa barazani, rizoti haitamtafuta yeye. Na wale wanaochanga wanadhani wamelipa pango, kwa hiyo bafu likiziba watalalamika kama waliolipa, kwa wifi, na wifi kwa kaka yake, na kaka yake kwako ukiwa Mombasa, usingizini.

Usimkabili wifi. Huyo ni dada yake, na ahadi aliitoa yeye. Zungumza na mume wako siku hayuko safarini, na usianze na michango, maana "nimesikia kwa watu" ni neno dhaifu na litamfanya amtetee dada yake. Anza na karatasi ya ada: dola 1,380, zimetoka akaunti gani, na nauli za Mombasa za watu wote zinatoka wapi. Halafu muulize, tumpe dada yako zawadi ya kiasi gani mwaka huu? Akitaja dola 300, basi wifi anaipata wiki kwa bei yenu ukitoa dola 300, na hao marafiki wachangie zilizobaki, na karatasi atie saini wifi. Akisema zote 1,380, angalau amesema akijua ni fedha na si maneno, na utaamua mwenyewe kama mwaka huu mnaweza.

Kuna njia nyingine pia, kama apatimenti yenu ni ile ya mlango wa kati unaofungika, inayogawanyika kuwa nyumba kubwa na studio. Baadhi ya rizoti huruhusu mwenye wiki azitoe kila moja kwa mtu wake. Wifi na watoto wake wachukue studio bila malipo, na upande mkubwa uukodishe. Ulizeni kwanza wanatoza nini kuugawanya. Ila mweleze wifi wazi kwamba upande wa pili kuna wageni waliolipa, asije akabisha hodi kuomba jiko.

Ingekuwa ni mimi, ningempa Williamsburg. Ile huwezi kuiuza, nanyi hamwendi. Kutoka Atlanta ni safari ya siku nzima kwa gari, lakini kuna bustani ya burudani ya Busch Gardens kwa watoto na ule mji wa kale wa Colonial Williamsburg kwa wakubwa, na Oktoba hakuna joto la Florida. Mume wako anatimiza ahadi ya kumpa dada yake wiki, wewe unabaki na Kissimmee ya kukodisha. Sharti ni moja, na si lako, ni la RCI: aende kama mgeni wenu, bila kuchangisha mtu. Mwambieni mapema, kabla hajapokea michango mingine ya Kissimmee. Na hati ya mgeni ya Williamsburg ailipie mume wako kutoka mfukoni mwake, maana yeye ndiye aliyeahidi.